Wenye gesti hausi wa Goma, kabla ya kununua sefu someni hii

Bwana Mhariri,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wanaofanya kazi kwenye gazeti. Mimi ni mama, niko na gesti hausi ya vyumba 14 hapa Goma, kartie ya Volcans, kazi hii naifanya tangu 2009, na naandika juu kwa wiki mbili tu watu watatu wamenipigia simu na swali moja, mama, sefu gani ninunue kwa vyumba vyangu? Wote watatu kitu cha kwanza walichotaja ni bei, cha pili ni ukubwa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nani atashika kode kuu, ile namba ya mwenye nyumba inayofungua sefu ya kila mgeni. Basi nikaona heri niandike kwa gazeti, isomwe na wengi mara moja, kuliko kuirudia hadithi yangu kwa simu, maana kila nikiisimulia inaniuma upya.

Ilikuwa Agosti 2023. Mama mmoja mfanyabiashara wa Butembo, kliya wangu wa miaka mingi, alikuja kulala siku tatu akingoja mzigo wake wa vitenge. Alikuwa na dola 1,200 kwenye bahasha ya kaki, akaniuliza pale risepsho, mama, hizi nikuachie ama niziweke kwenye kile kisanduku cha chumba? Nikamjibu kwa mdomo wangu mwenyewe, weka kwa chumba, ni salama, ni mpya. Na kweli vilikuwa vipya. Nilikuwa nimenunua visefu 14 mwaka ule ule, vyeusi, vya kubonyeza namba, fundi akavifunga ndani ya kabati za nguo, nikabandika karatasi kwa risepsho, "Kila chumba kina sefu", na wageni wakaipenda sana ile karatasi.

Siku ya pili jioni yule mama akashuka ngazi polepole, hakulia, hakupiga kelele, akaninong'oneza ili wageni wengine wasisikie, "Mama, kisanduku kimefungwa vile nilivyokifunga, kode yangu inakifungua, lakini bahasha haimo." Tukapanda naye. Niliangalia ule mlango karibu kabisa, nikaupitisha kidole pembeni zote nne, hakuna mkwaruzo, hakuna alama ya bisibisi wala mtaimbo, rangi nzima. Ndani kulikuwa na kile kizulia cheusi na hereni zake mbili za dhahabu. Mwizi aliziacha hereni, akafunga mlango tena, akaenda zake.

Nikamwita kijana mmoja wa jirani, anatengeneza simu na kompyuta. Akamwambia yule mama afunge sefu kwa namba yoyote anayotaka, asituonyeshe. Mama akafunga. Kijana akabonyeza kitufe, kisha sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, ikasikika ile sauti ndogo, ziii, na mlango ukafunguka mbele yetu wote. Akaenda chumba cha 8, ziii. Cha 9, ziii. Alipofika cha 14 nilikuwa nimeketi kwenye kitanda cha mgeni, miguu haina nguvu, juu nilikuwa najua kwamba ile bahasha niliipoteza mimi siku ya kununua, kabla hata mama hajafika Goma.

Nililipa. Dola 400 mara tatu, kuanzia mwezi uliofuata. Aliyezichukua sikumshika, na jina la mtu sitalitaja kwa kukisia, wafanyakazi wangu wana familia na heshima zao. Duka nalo sitalitaja, muuzaji alinipa karatasi ya maelezo ya Kichina na Kiingereza ambayo mimi wala yeye hatukuisoma.

Nieleze vizuri, juu hapa ndipo wengi tunapopotelea. Sefu ya chumba cha hoteli iko na kode mbili. Moja ni ya mgeni, anaiweka mwenyewe anapofunga. Ya pili ni kode kuu, ya mwenye nyumba, ya kumsaidia mgeni akisahau namba yake, na wanasahau kweli, kwangu haipiti wiki mbili bila mmoja kusahau. Sasa kiwandani ile kode kuu wanaiweka namba rahisi, ile ile kwa sefu zote za aina moja, sifuri sita, ama tisa sita, ama moja mpaka sita, na kwenye maelezo wanaandika ibadilishwe siku ya kuifunga ukutani. Haibadilishwi. Muuzaji anaona si kazi yake, fundi wa kutoboa naye anaona si kazi yake, patro, mwenye nyumba, anafurahi tu kuona inafunga na kufungua. Na hizo namba za kiwandani ziko kwenye intaneti, mtoto wa sekondari anazipata kabla chai haijapoa. Kwa hiyo sefu yako inafunguliwa na kila mfanyakazi mwenye simu, na kila mgeni aliyewahi kulala pale na kuifikiria, na hakuna kitakachoonyesha kwamba imefunguliwa.

Jioni ile ile nilizibadilisha zote 14. Kila chumba namba yake, nimeziandika kwa mkono kwenye karatasi moja, karatasi kwenye bahasha, bahasha imegundishwa na nimesaini juu ya mfuniko, iko kwenye sefu kubwa ya ofisi. Mgeni akisahau, tunapanda watu wawili, mimi ama jeranti pamoja na mmoja wa risepsho, mgeni mwenyewe akiwa pale pale, na tunaandika kwenye daftari siku, saa, chumba, sababu, na yeye anasaini. Mfanyakazi akiacha kazi, hata akiondoka kwa amani na zawadi, namba zinabadilishwa wiki ile ile. Kuna mmoja alikasirika, akasema mama hana imani na sisi. Nilimwambia mwanangu, siku kitu kikipotea hili daftari ndilo litakalokutetea wewe.

Kisha kuna funguo. Kwenye nyingi ya hizi sefu, nyuma ya kile kibao cha chapa, kuna tundu la funguo ya dharura, ukitoa kibao unaliona. Ulizeni kabla ya kulipa, funguo hii inafungua sefu moja ama zote? Zangu za kwanza funguo moja ilifungua zote 14, na duka lilikuwa linauza zile zile kwa wengine, sasa hesabu mwenyewe hizo funguo ziko wapi.

Na ule mtambo wa ndani. Sefu za bei ya chini zinashikwa na kipini kidogo kinachovutwa kwa sumaku ya umeme, na kuna nyingine ukizigonga kwa ngumi juu huku unazungusha kitasa, kipini kinaruka na mlango unafunguka bila namba yoyote. Muombe muuzaji aifunge, aigonge mbele yako. Akikataa, rudisha dola zako mfukoni. Zenye mota inayosukuma vyuma vya kufungia hazidanganyiki hivyo, bei inapanda kidogo, lipa hiyo tofauti.

Kitu kingine ambacho sasa nakililia, sefu nzuri za hoteli zinaweka kumbukumbu. Nyingi zinashika mara 100 za mwisho zilivyofunguliwa, siku, saa, dakika, na kama ni kwa kode ya mgeni, kode kuu ama funguo, na kuna kamashini unakachomeka kakuonyeshe. Kama zangu zingekuwa na hiyo, ningejua ile bahasha ilitoka saa ngapi, ningeangalia nani alikuwa zamu, na wafanyakazi sita wasingeishi miezi mingi wakitazamana kwa jicho baya. Hilo lilinigharimu kuliko zile dola 1,200, msichana wangu mpishi aliacha kazi kwa sababu hiyo, na alikuwa mpishi mzuri sana wa sambaza.

Mambo ya betri ni mepesi. Hizi sefu zinakula betri ndogo nne, umeme ukikatika haziguswi, muhimu ubadilishe zote nne pamoja kabla hazijaisha, na ununue betri za maana. Ukubwa pia, hakikisha kompyuta ya mgeni inaingia imelala, maana siku hizi watu wa mashirika wanauliza hiyo kwanza.

Lakini hata ukifanya hayo yote, mwambie mgeni ukweli. Sefu ya chumba ni ya pasipoti, saa, hereni, simu ya pili. Yangu ilikuwa na kilo 11, nyepesi kuliko robo ya mfuko wa saruji, mtu anaing'oa na kuitia kwenye valizi. Makuta mengi, yaani pesa taslimu, yanapaswa kushuka kwa sefu kubwa ya ofisi, kwa risiti. Mgeni anahesabu mbele yako, wewe unahesabu mbele yake, bahasha inafungwa, nyote wawili mnasaini juu ya mfuniko, risiti inaandikwa kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Akirudi anaikuta bahasha haijaguswa. Inachukua dakika tano na inawaondolea nyote wawili usiku wa mawazo.

Sasa hiyo sefu kubwa, ile wengi hapa tunaiita kofrefori, ndiyo watu wanadanganywa nayo zaidi. Muuzaji anaipiga kofi, ngo ngo, anakwambia, patro, sikia hiyo chuma, hii ni kilo 120. Uzito peke yake hausemi kitu, kuna sefu nzito kwa sababu tu zimejazwa beto, yaani zege, hafifu. Fungua mlango, angalia upande wa ndani kama kuna kibao cha chuma cha anayeipima, ECB·S ya Ulaya, VdS ya Ujerumani, A2P ya Ufaransa, na kama wameandika EN 1143-1 na daraja lake. Hiyo EN 1143-1 ni kipimo cha Ulaya, madaraja yanaanzia 0 mpaka XIII, na wanalipima kwa kuishambulia sefu kweli kweli, kwa mitaimbo, mashini za kukata, za kutoboa, wanahesabu dakika pamoja na nguvu ya kifaa kilichotumika wanapata alama. Daraja 0 inahitaji alama 30, daraja I ni 30 kupata tundu la kupitisha mkono na 50 kuifungua yote, daraja II ni 50 na 80. Muuzaji asikwambie alama 30 ni dakika 30, si kitu kimoja, mwizi mwenye mashini nzuri ya disiki zile alama zinaisha haraka.

Kuna pia EN 14450, hiyo ni ya makabati ya usalama, S1 na S2, iko chini ya daraja 0. Kwa gesti hausi ya vyumba vitano inaweza kutosha, mradi ujue umenunua nini.

Kupata picha ya haya madaraja, kule Uingereza kampuni za bima kwa kawaida zinachukulia daraja 0 ni ya pesa taslimu mpaka paundi 6,000, daraja I 10,000, daraja II 17,500, daraja III 35,000, na sefu iwe imefungwa chini vizuri. Kwa vito wanazidisha mara kumi. Sisi hapa wengi hatuna bima ya namna hiyo, lakini hesabu yao inasaidia, angalia usiku wa makuta mengi kuliko yote kwako ni kiasi gani, tafuta daraja linalolingana. Mimi nilichukua daraja I, imetumika, ilikuja kwa boti kutoka Bukavu, na kabla ya kulipa nilimlipa fundi wa vitasa aje aone, akabadilisha kitasa chote, juu sefu iliyotumika ina watu wengine wanaoijua.

Na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ya mji wetu. Sefu yoyote isiyofika kilo 1,000 ni ya kufungwa kwa bulo, zile skrubu nene, kwenye dale, yaani sakafu ya beto, hata kile kipimo cha Ulaya kinadai iwe na matundu ya kufungia. Watu wananiambia, mama, hiyo kitu ina kilo 150, nani ataibeba? Jamani, tuko Goma! Umeona tshukudu moja, ile baiskeli yetu ya mbao, inashuka na magunia ya makala na juu yake viazi na juu yake tena mtu ameketi? Kilo 150 kwa tshukudu ni mzigo wa asubuhi. Watu wanne na kamba, dakika kumi, sefu yako wanaenda kuikata polepole kwao, na wala hawana haja ya kode.

Nyumba zetu nyingi ni za mbao, tumejenga juu ya mawe ya volkano, na kwangu pia nyumba kubwa ni ya mawe lakini aneksi ya vyumba sita ni ya mbao. Kufunga sefu kwenye sakafu ya mbao ni kuifunga kwenye mbao, wanang'oa sakafu nayo. Niliona mwenzangu mmoja ameifunga kwa misumari ya paa. Ukiwa na nyumba ya mbao, toa mbao za sakafu pale pembeni, mwaga dale ya beto yenye vyuma ndani, iache ikomae wiki tatu nne, ndipo utoboe na kuingiza bulo za kupanuka, kwa ndani ya sefu, ili vichwa vya bulo vibaki ndani mlango ukifungwa. Na msitoboe moja kwa moja kwenye lile jiwe jeusi la volkano kwa kudhani ni gumu, mengi yana matundu kama sponji, bulo inaingia na inatoka, fundi wangu alijaribu mara mbili likavunjika vipande. Beto kwanza.

Iweke pembeni, kuta mbili zikiikinga, mahali ambapo mtu hawezi kupata nafasi ya kuvuta mtaimbo. Isionekane kutoka dirishani ama kutoka kaunta. Kwangu nilijenga kabati ya mbao mbele yake, inaonekana kama kabati ya mashuka.

Moto. Hapo kuna kosa ambalo nililifanya kwa pesa zangu. Mwaka 2019 nilinunua sefu iliyoandikwa ya kuzuia moto nikadhani inazuia vyote. Sefu ya moto na sefu ya wezi ni vitu viwili, nyingi za moto zina tole, yaani bati la chuma, jembamba na katikati kitu kama jasi chenye maji, moto ukija yale maji yanageuka mvuke na yanapoza ndani, mtu mwenye shoka haimsumbui. Kwa kipimo cha Marekani, UL 72, ile ya saa moja kwa karatasi, wanaichoma mpaka digrii 927 nje, ndani isipite 177, karatasi inapona. Lakini diski za kompyuta zinaharibika mapema zaidi, kwa zile kuna kipimo kingine cha digrii 52, kwa hiyo kama unaweka kumbukumbu za kamera humo, jua hilo.

Ila kilichoniumiza mimi hakikuwa moto. Ni yale maji. Msimu wa mvua, sefu imefungwa wiki mbili, nyumba iko karibu na ziwa, nikafungua nikapata noti za dola zimelegea kama karatasi ya mkate, na moja ya 100 ina madoa madogo meusi ya ukungu. Nikaenda Birere kwa mkambisti, mbadilisha pesa. Aliiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akanionyesha kwa ncha ya ukucha doa moja dogo kama punje ya mtama, akanirudishia. Wa pili vile vile. Wa tatu akanipa 80. Nyote mnajua dola hapa kwetu, kakipande kamechanika pembeni hata milimita moja hakuna anayeipokea, sasa fikiria za mgeni zimeharibikia ndani ya sefu yako uliyomwambia ni salama. Tangu pale noti zinaingia kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, kuna vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, nabadilisha, na kila Jumamosi mlango unaachwa wazi saa moja nikiwa nimeketi pale na daftari zangu. Sefu isigusane na ukuta wa bafu.

Wananiuliza volkano je? Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, na tarehe 27 tulipoambiwa kartie 10 kati ya 18 zihame, na yetu ilikuwemo, nilipata somo ambalo halimo kwenye kipimo chochote. Lava haingoji saa moja kama tanuru ya kupimia, ile ya 2002 ilipita katikati ya mji na ikakaa pale pale, iko chini ya nyumba zetu mpaka leo. Siku ya kuhama ni kutoa vitu, basi. Wakati ule sefu za vyumba nilikuwa nazo mbili tatu tu, na wageni wawili walikuwa wametoka usiku kuelekea Sake, wameacha pasipoti ndani, na aliyejua kufungua alikuwa mtu mmoja, jeranti wa wakati ule, naye alikuwa ameshavuka na watoto wake kwenda Gisenyi, Rwanda. Matetemeko yanatikisa madirisha, sisi tunagonga sefu. Pasipoti zilibaki mpaka aliporudi. Kwa hiyo ile bahasha ya kode, watu wawili wajue iko wapi, na hao wawili wasilale nyumba moja.

Sasa tangu mabenki ya hapa yalipofunga milango mwisho wa Januari 2025, jambo limekuwa zito zaidi. Zamani jioni ya Ijumaa nilikuwa na makuta ya siku mbili, asubuhi yanaenda benki. Baada ya pale yakaanza kulala kwangu wiki nzima na zaidi. M-Pesa na Airtel Money zinasaidia, lakini samaki, makala, mshahara wa mlinzi, vingi ni vya mkononi. Na franka zinakula nafasi. Noti kubwa ni ya 20,000, lakini baa na risepsho zinaleta za 500 na 1,000. Milioni moja kwa noti za 500 ni noti 2,000, mabunda 20 ya mia mia. Milioni tano ni mabunda 100. Kabla ya kununua, chukua mabunda yako ya wiki mbaya kuliko zote, yapange kwenye katoni, beba hiyo katoni uende nayo dukani ikiwa tupu. Mimi niliidharau hii nikajikuta nusu ya franka ziko kwenye sefu na nusu kwenye ndoo chini ya meza.

Na risepsho ya usiku. Hili nawaomba wenzangu mnisikie. Msimpe kijana wa zamu ya usiku funguo ya sefu. Kuna sefu zenye mdomo juu, kama sanduku la posta, yeye anatumbukiza bahasha na hawezi kuitoa, angalia tu kwamba ndani kuna bati lililopinda linalozuia mtu kuvua bahasha kwa waya. Kuna pia kitasa cha kuchelewesha, unaingiza kode, sefu inangoja dakika kumi ndiyo inakubali kufunguka. Mwizi mwenye bunduki hapendi kungoja dakika kumi. Bandika karatasi kubwa inayosomeka, kwa Kiswahili na Kifaransa, "Mfanyakazi wa hapa hana funguo, sefu inachelewa kufunguka". Mwachie pia kwenye droo kiasi kidogo cha kumpa atakayekuja na silaha, ampe, asibishane. Kijana wangu wa usiku ana miaka 23, mama yake anauza ndizi Virunga na kila tukikutana ananiuliza, mwanangu hajambo? Nataka siku akiwekewa kisu aweze kusema sina funguo, na iwe kweli, na aonekane anasema kweli.

Kwa wale wanaoenda kwa mafundi wetu wa kuchomelea, siwadharau, wana mikono mizuri, mlango wangu wa geti ni kazi yao. Wanaweza kukutengenezea sanduku zuri la tole la milimita sita la kumwaga ndani ya beto, kwa nyaraka na kwa daftari linafaa. Kitasa ndicho wasichokiweza, wanatia kufuli ya nje, na kufuli ya nje inakatwa kwa dakika moja. Ukilazimika, nunua kitasa cha sefu chenye EN 1300, kipimo cha Ulaya cha vitasa, umpeleke, akijenge ndani.

Bwana Mhariri, nina ombi kwa wauzaji wanaosoma gazeti lako, karatasi ya maelezo waitafsiri kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, na fundi wao asiondoke kabla mwenye nyumba hajabadilisha kode kuu kwa mkono wake mwenyewe. Moja ya zile sefu zangu 14 za kwanza sikuiuza, iko stoo, nimeirudishia sifuri sita zake. Kila mfanyakazi mpya, siku yake ya kwanza, namwambia aifunge kwa namba yake ya siri, kisha naifungua mbele yake. Mwenye gesti hausi anayetaka kuileta timu yake ione, aandike kupitia gazeti, tutapanga siku.

Mama wa Butembo anarudi mwezi ujao. Ameomba chumba kile kile.

Mwenye gesti hausi,
Kartie ya Volcans, Goma